Koti la Mtu Aliye Hai

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipozeeshwa mara ya kwanza. Mwanamke aliyekuwa na kazi ya kutupaka rangi alinimwagia poda kichwani, akanichora mikunjo ya penseli chini ya macho, akarudi nyuma hatua mbili, akasema natosha kuwa mama mkwe. Nilijitazama kwenye kioo nikamwona nyanya yangu. Tangu siku hiyo, kwa miaka minane, sikuwahi kuwa mtu wa rika langu kwenye televisheni. Nilikuwa mkunga, mpika pombe, mchawi, shangazi anayekuja kuvunja ndoa ya watu. Uso wangu haukuwa wa bibi harusi, na mwelekezi aliniambia hivyo bila kumung'unya maneno. Sikukasirika. Mabibi harusi walikuja na kwenda, lakini kila mchezo ulihitaji mama mzee wa kuuharibu.

Kazi ya kunilisha ilikuwa ualimu. Nilifundisha madarasa ya chini katika shule moja ya msingi ya Kisumu. Mwaka mmoja, miaka ya sitini ikielekea kuisha, watoto wangu walikuwa wakiigiza mbele ya wageni, na msichana aliyetakiwa kuwa nyanya akashikwa na homa. Nikajifunga leso kiunoni, nikaingia mimi, nikawakaripia wale watoto mpaka wawili wakalia kweli. Mgeni mmoja alikuwa mtu wa televisheni kutoka Nairobi. Likizo iliyofuata nilipanda treni, na baada ya hapo kila likizo.

Mume wangu hakunizuia. Alikuwa fundi katika karakana ya meli pale bandarini, mtu mpana, mwenye sauti ya kushindana na nyundo. Kipande cha chuma kilikuwa kimemwangukia mguuni kabla hatujaoana, na ukucha wa kidole gumba cha kushoto ukabaki mweusi daima. Watu walipomuuliza kwa nini anamwachia mke asafiri peke yake kwenda kuchezacheza, aliwajibu kwamba anayeenda ni kikongwe, nani atamtaka. Tulikuwa na watoto watatu. Tuliishi mtaa wa Manyatta, ambako wakati huo mashamba ya mtama yalikuwa bado yamo katikati ya nyumba, na nilipokuwa Nairobi yeye ndiye aliyewapikia uji.

Sasa nifike kwenye koti.

Tulipewa mchezo kuhusu familia ya mjini iliyofiwa na baba. Mimi nilikuwa mjane. Kwenye maandishi mjane alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi, kama kwenye picha za Wazungu. Nikamwambia mwelekezi kwamba kwetu ziwani mjane wa kizamani havai hivyo. Anavaa koti la mumewe, na analivaa ndani nje, bitana ikiwa juu, mpaka siku za msiba zitakapokamilika. Mwelekezi alikuwa mtu wa upande wa Mlima Kenya, hakujua habari hizo, akafurahi kama mtu aliyeokota shilingi. Akaniambia nije nalo. Kituo hakikuwa na stoo ya nguo ya kutajika. Kila mwigizaji alikuja na kifurushi chake kutoka nyumbani.

Ningeweza kununua koti kuukuu sokoni. Ningeweza kumwazima mlinzi wa getini. Hilo ndilo ninalojilaumu nalo zaidi ya yote, kwa sababu mtu wa Nairobi angefanya kosa hilo kwa kutojua, lakini mimi nilijua. Nilizaliwa ndani ya mila hiyo. Nilimwona mama yangu mzazi akilivaa koti la baba. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshavimba kwa sifa, na nilitaka watu wa Kisumu waone kitu cha kweli. Koti kuukuu la sokoni lisingekuwa na jasho la mtu. Basi likizo ile nililikunja koti la mume wangu, la kahawia, lililochanika kidogo mfukoni, nikaliweka ndani ya kifurushi. Sikumwambia. Niliona ni jambo dogo.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo watu hawakuliona na ambalo ni baya kuliko la kwanza. Mjane lazima alie. Wenzangu walijipaka kitunguu, lakini chini ya zile taa kali kitunguu kilikauka na macho yakabaki mekundu tu. Mimi nilikuwa na njia yangu. Nilifumba macho nikamwona mume wangu amelazwa kwenye mkeka, blanketi fupi limemfunika uso, na miguu imebaki nje. Niliutazama ule ukucha mweusi. Haikuchukua hata dakika moja. Kilio kilinitoka mpaka mtu wa kamera akaacha kamera yake, na mwelekezi akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho.

Mchezo ulipoonyeshwa tulikwenda kuutazama kwenye ukumbi wa mtaa. Nani alikuwa na televisheni nyumbani? Ile ya ukumbini ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na saa moja jioni msimamizi aliifungua watu wakiwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi. Mume wangu alikaa mbele pamoja na mafundi wenzake, akiwa amejitayarisha kucheka. Alicheka nilipotokea na mvi zangu. Kisha nikageuka kwenye ile picha, na bitana ikaonekana, na ule mfuko uliochanika, nami nikaanza kulia.

Ukumbi ulinyamaza. Nilifikiri ni kwa uzuri wa kazi yangu. Halafu nikaona watu wa mabenchi ya nyuma wanainuka wamtazame mume wangu kama yuko hai.

"Fundi," jirani yake akasema, "hiyo si koti yako?"

"Ni koti yangu," mume wangu akasema. "Na mimi ni huyu hapa. Ama unataka ushike?"

Wachache wakacheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alitema mate nje, akavaa kofia yake, akaondoka. Njiani kurudi nyumbani mume wangu aliniuliza jambo moja tu, kwamba kwa nini sikumwambia. Nikasema nilisahau. Akasema sawa, lakini mkono wangu aliuachia.

Kesho yake bandarini walimwamkia "marehemu". Aliitika. Wakamuuliza huko chini kuna chakula gani, akawaambia samaki ni bure. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kugeuza kila kitu mzaha, na waliotangulia walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mama mkwe alifika siku ya tatu. Nyumbani kwao ni ufukweni, upande wa Bondo, na hakuna aliyekuwa na televisheni kule, lakini habari ilimfikia kwa watu wa basi. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akaniambia nimwite mwanawe atoke kwenye jua. Mume wangu alipotoka, yule mama alimshika kichwa, mabega, kifua, akainama akamshika mpaka magoti. Kisha ndipo akalia. Mimi nilisimama mlangoni na kijiko cha ugali mkononi, nikiona aibu na hasira pamoja.

"Umeliwa na nini, chi wuoda?" aliniuliza. Chi wuoda ni mke wa mwanangu. Hakuwahi kuniita vingine. "Umelia mtoto yangu akiwa anakula ugali yako. Umevaa nguo yake kama mtu amezikwa."

"Mama, ilikuwa mchezo tu."

"Kifo haina mchezo. Hiyo ni chira."

Chira ni ugonjwa unaomshika aliyevunja mwiko, au mtu wake wa karibu. Mtu hukonda, hufifia, na daktari haoni kitu. Dawa yake ni manyasi, majani yanayochemshwa na mzee anayejua, na mume na mke hunywa pamoja. Mama mkwe alikuwa ameshaongea na mzee. Alitaka twende naye siku ile ile. Mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa mtu wa kanisa, na juu ya hayo nilikuwa mtu wa televisheni. Nilisema sinywi. Mume wangu akasema kama mke wangu hanywi, na mimi sinywi.

Mama mkwe alifunga leso yake upya. "Sikia," aliniambia, taratibu, mbele ya watoto. "Hii kitu ikimpata, wewe utarudi kwenu. Watoto ni ya boma yetu. Watabaki." Akaenda kungoja basi. Hakunywa hata maji.

Jumapili iliyofuata mume wangu alivaa lile koti kwenda kanisani, upande wake sahihi, akiwa amelipiga pasi. Alilivaa kila Jumapili baada ya hiyo. Nilimpenda kwa ajili ya hilo, na ninasema wazi, nilimpenda mpaka nikaona haya. Nilidhani tumeshinda.

Lakini yule mjane alinifuata. Kuanzia mchezo ule kila mwandishi aliyekuwa na msiba aliniita mimi. Waliniita Mama Kilio. Katika mchezo mmoja mtoto wangu alizama, katika mwingine ndugu yangu alinyongwa, katika mwingine nilililia shamba. Na kila mara nilipofumba macho chini ya zile taa nilikwenda kwa mtu yule yule. Mkeka, blanketi, mguu. Nilimlaza mume wangu mara nyingi nisizoweza kuzitaja, kisha nikapanda treni kurudi kwake, nikamkuta yuko jikoni na mwiko wa uji, akiniuliza safari hii wamenizikia nani. Sikuona ubaya. Nilifikiri mawazo ni ya mtu mwenyewe. Na nilitaka sifa, nisifiche hilo. Pale dukani wanawake walinisogea, wengine kwa kunipenda, wengine kwa kuogopa, na nilikuwa nimeanza kufurahia zote mbili.

Miaka ya sabini ilikuwa imeshapiga hatua mume wangu alipoanza kuugua. Kwanza alikataa chakula, akasingizia joto. Kisha macho yakawa ya manjano, miguu ikakonda, na tumbo likajaa. Hospitalini daktari alisema ni ini. Alinichorea kwenye karatasi, akanieleza kwa upole kwamba mambo hayo huanza polepole, pengine kabla hatujaoana. Nilimshukuru. Niliikunja ile karatasi nikaiweka mkobani kama hati ya kunitetea, na nilimwonyesha kila aliyekuja kumwona mgonjwa. Hakuna aliyeisoma. Walimtazama mgonjwa, wakanitazama mimi, wakasema pole. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, hakuitazama hata kwa heshima. Alisema, "Mwalimu, hiyo karatasi weka. Sisi tulijua kutoka zamani."

Mume wangu peke yake ndiye aliyenisimamia. Walipomnong'oneza, aliwafukuza kwa sauti iliyobaki. Alisema ugonjwa ni ugonjwa, mke wangu ni mwigizaji, tena mzuri, na mwenye wivu akaigize yeye. Nilimsikia nikiwa nje nikifua shuka zake. Niliegemea ukuta nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtu yule.

Kisha mchana mmoja tulikuwa wawili tu. Watoto walikuwa shule. Nilikuwa nimemwegemeza kwenye mito nikimpa maji ya mchele kwa kijiko, na aliuzuia mkono wangu.

"Mama watoto," alisema, "ile siku ya koti. Ulikuwa unalia nani?"

Ningeweza kusema nilimlilia baba yangu. Ningeweza kusema kitunguu. Kwa miaka minane nilikuwa nimelipwa kwa kudanganya mbele ya nchi nzima, na uongo mmoja mdogo ulikuwa umekaa mdomoni tayari. Lakini alikuwa amenitetea kwa watu wote, nami nikaona kwamba mtu kama huyo hadanganywi. Niliona ukweli ndio malipo yake. Sijui kosa lipi kubwa, la koti au hili.

"Wewe," nikamwambia. "Nilikuwa nakulilia wewe. Siwezi kulia bila kukuona wewe umelala."

"Siku hiyo tu?"

"Kila siku."

Nje kulikuwa na mwanamke akipita na dagaa wa omena, anaita wateja, na nilimsikia akienda mpaka sauti ikapotea. Mume wangu alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe iliyotokeza kwenye shuka, ingawa habari ya miguu sikuwa nimemwambia. Baadaye alisema, "Ulilia vizuri. Watu waliskia." Halafu akageuza uso ukutani.

Jioni, watoto walipoingia, alimwita wa kwanza akamwambia aende kwa shemeji. "Mwambie aite mama," alisema. "Mwambie akuje na ile dawa."

Hapo ndipo nilipompoteza, si siku aliyokufa. Mtu aliyesimama peke yake dhidi ya watu wake wote kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyemwondolea pa kusimama. Mama mkwe alikuja na manyasi ndani ya kibuyu. Safari hii nilikunywa bila kusukumwa. Ilikuwa chungu, na mume wangu aliitapika. Yule mama alimpangusa kinywa, akamwimbia kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto mchanga, na hakunitukana hata neno. Baada ya siku nne alikufa, asubuhi, mimi nikiwa nimeenda kuchota maji.

Tulimpeleka nyumbani kwao ufukweni kwa lori la kukodi. Nilikaa nyuma na jeneza na watoto wote watatu. Nilijua vizuri kilichokuwa kikinisubiri. Kwetu mke wa marehemu hafiki kimya. Anapofika langoni anapiga nduru, anakimbia kuizunguka nyumba, mikono kichwani, na sauti yake ndiyo inayoambia boma kwamba mwenyewe ameletwa. Mke asiyelia ana kitu amekificha. Na kwa mke kama mimi, aliyeshtakiwa tayari, kutolia ni sawa na kukubali. Shemeji mkubwa alikuwa ameshawaambia wazee tulipokuwa bado Kisumu kwamba huyu alimaliza matanga yake zamani, tena kwa televisheni, basi tukizika arudishwe kwao, watoto wabaki. Mdogo wa mwisho alikuwa na miaka minne.

Lori lilisimama. Nilishuka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona pale, wengine wamekuja kumzika fundi, wengine, najua, wamekuja kumwona Mama Kilio akilia. Walinipisha njia. Nikatembea mpaka langoni, nikasimama, nikafungua kinywa.

Hakuna kilichotoka. Macho yangu yalikuwa makavu kama majivu. Nilifumba nikafanya nilivyozoea, nikamweka mume wangu kwenye mkeka, lakini alikuwa kwenye jeneza nyuma yangu, na hakukuwa na la kufikiria. Nilisikia wanawake wakianza kunong'ona. Nilimwona shemeji amekunja mikono, hana haraka, kama mtu anayengoja uji upoe. Mtoto wa mwisho alikuwa ameshika gauni langu.

Mama mkwe alitoka katikati ya wanawake. Nilidhani anakuja kunipiga. Alisimama karibu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake.

"Lia," alisema.

"Mama, haiji."

"Lia, nyathina." Kwa mara ya kwanza aliniita mtoto wake. "Mtoto yangu haendi kwa mchanga bila sauti ya bibi yake. Lia hata ile ya Nairobi. Si ulikuwa unajua?"

Nilijua. Nilijua kwamba kazi yangu haikutaka maiti, ilitaka mtu aliye hai. Nilihitaji mtu wa kumlaza kwenye mkeka, mtu ninayempenda, anayepumua. Nikainamisha kichwa nikamtazama yule wa mwisho, vumbi la safari usoni mwake, akiwa ameniangalia juu. Nikafumba macho nikamlaza. Nikamfunika. Blanketi kwake halikuwa fupi.

Nduru iliyonitoka iliwafanya ng'ombe wainuke zizini. Nilikimbia kuizunguka nyumba, mikono kichwani, nikianguka nikiinuka, na wanawake wote wakanifuata. Hata shemeji alifuta macho. Wazee walisema mke aliyelia hivi hafukuzwi. Nilijengewa nyumba upande wa kushoto wa boma, na watoto wangu nililala nao humo humo. Usiku ule wa kwanza nilikaa macho mpaka asubuhi, mkono wangu ukiwa kifuani mwa yule mdogo, nikihesabu anavyopumua.

Televisheni walinitumia barua mbili, kisha wakaacha. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, ana mke na kazi, na hulalamika kwa ndugu zake kwamba mama anamfuatafuata kupita kiasi. Akikohoa tu nafika mlangoni kwake. Anadhani nimezeeka. Kwake sitafanya kosa la kusema ukweli.